Shahidi Aliyeona na Shahidi Aliyesikia

Sheria ya Musa ilikataza kumhukumu mtu kwa neno la shahidi mmoja. Ilitaka wawili ao watatu. Kitabu cha Danieli kinaonyesha ya kuwa hata wawili hawatoshi kama hawakutengwa. Wazee wawili walimshitaki Susana, na mkutano wote ukawasadiki, maana walikuwa wazee na waamuzi. Kijana Danieli akawatenga, akamwuliza kila mmoja aliwaona chini ya mti gani. Mmoja akataja mti huu, mwenzake akataja mwingine. Susana akapona.

Sura hii tunaipenda, nasi tunaifundisha mara nyingi. Lakini nafikiri wengi wetu wanatoka nayo na fundisho lisilo sawa: ya kuwa mashahidi wakipatana wanasema kweli, na wakiachana wanaongopa. Wazee wale waliongopa, ndiyo. Lakini tuwaze watu wawili wenye haki, waliopita kweli katika bustani ile ile na kuona jambo la kutisha. Ukiwauliza nyuma ya miaka ishirini juu ya mti, je, watataja mti mmoja? Mimi sisadiki. Na wakitaja mti mmoja, nitataka kujua kwanza kama wamekaa kijiji kimoja na kulisimulia pamoja jioni kwa jioni.

Jambo hili si la darasani tu. Tarehe 18 ya mwezi wa nane 2024, kule Uvira, Kardinali Ambongo aliwatangaza wenye heri wapadri na bruda waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 ya mwezi wa kumi na moja 1964: Luigi Carrara, Giovanni Didoné, Vittorio Faccin, na Abbé Albert Joubert, mtoto wa yule Kapiteni Joubert wa Mrumbi. Miaka sitini ilikuwa imepita. Wako wengine wengi waliokufa katika taabu za mwaka ule na za nyuma yake, ambao Wakristu wanawakumbuka. Mwalimu wa dini anayetumwa na daftari kwa mzee wa kijiji ili aandike yale mzee aliyoyaona, anafanya kazi ya mwamuzi, hata kama hakufundishwa. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 amepita 80 leo. Basi inafaa tujue ushuhuda ni kitu cha namna gani, mbele ya kuutafuta.

Tuanze na kifo ambacho kila mtoto wa shule katika Katanga amekisikia: kifo cha Mwami Msiri.

Vitabu vyote vinapatana juu ya mifupa ya habari. Kapiteni William Stairs, mtu wa Kanada, alifika Bunkeya tarehe 14 ya mwezi wa kumi na mbili 1891, ametumwa kwa faida ya Mfalme Leopoldo wa Pili. Pamoja naye walikuwa Omer Bodson, Mbelgiji. Marquis Christian de Bonchamps, Mfaransa. Munganga Joseph Moloney, Mwingereza. Na seremala Thomas Robinson. Tena wabeba mizigo na askari wengi wa pwani. Msiri alikataa kuipokea bendera ya Dola la Kongo. Tarehe 19 Stairs akaisimamisha kwa nguvu. Msiri akahamia Munema. Siku ya pili, tarehe 20, nayo ilikuwa siku ya Mungu, Bodson na Bonchamps walitumwa kumkamata. Bodson alimpiga Msiri risasi, akafa. Bodson naye akapigwa risasi na mtu wa Msiri, akafa siku ile ile.

Hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu. Ni nani aliyeona? Moloney aliandika kitabu kilichotoka London mwaka 1893, nacho kinasimulia sawasawa namna Msiri alivyosimama, namna alivyoinua upanga, namna risasi zilivyotoka. Msomaji anafikiri munganga alisimama hatua tatu kutoka pale. Kumbe Moloney alikuwa amebaki na Stairs. Alifika nyuma, bunduki zilipokwisha kulia. Bonchamps alifika Munema, lakini alikaa nje ya boma na watu wake. Bodson ndiye aliyeingia, na askari wachache. Dan Crawford, mmisionari Mprotestanti, aliyeandika habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1912, hakuwa Bunkeya siku ile. Yeye na wenzake walikuwa wamehamia upande wa Lufoi. Mzungu mmoja tu aliona kifo cha Msiri kwa macho yake, naye ni yule aliyemwua, na yule alikufa mbele ya kuandika neno lolote. Wengine walioona ni askari wa pwani walioingia naye, na watu wa Msiri mwenyewe. Askari hao hawakuandika kitabu. Kwa hiyo ukurasa ambao tunauita ushuhuda wa macho ni ushuhuda wa masikio, uliovikwa nguo ya macho.

Sisemi ya kuwa Moloney aliongopa. Aliwauliza waliorudi wakiwa bado na damu na jasho, akaunganisha maneno yao, akaandika. Kila mmoja wetu anafanya vile. Unasikia habari mara tano, unaiona moyoni, na mwisho hujui tena kama uliiona kwa macho ao kwa maneno.

Tazameni sasa maneno ya mwisho ya Bodson. Moloney alikuwa karibu naye alipokuwa akifa, na hapa yeye ni shahidi wa kweli. Anasema Bodson alimwambia hasikitiki kufa, kwa kuwa ameiokoa Afrika na mtesaji mkali, kisha akamsifu mfalme wake. Crawford anasema Bodson alipiga kelele kama mwindaji aliyeua chui mkubwa, naye vilevile anamtaja mfalme. Je, mtu aliyepigwa risasi tumboni anatoa hotuba? Labda alisema maneno mawili matatu, na munganga mwenye huzuni akayapanga vizuri. Nani asiyejua kwetu kwamba maneno ya mwisho ya marehemu yanaongezeka kidogo kila matanga? Hakuna anayeona ni uwongo. Wanaona ni heshima.

Lakini jambo linalonifikirisha zaidi ni kichwa. Bonchamps, katika habari zilizopigwa chapa Paris, alisema wazi ya kuwa watu wa Stairs walikata kichwa cha Msiri na kukiinua juu ya mti, ili watu waone na kuogopa. Katika kitabu cha Moloney hutapata neno hilo. Naye alikuwa pale! Hapa hakuna kosa la macho wala la miaka. Kitabu kilitoka nyuma ya mwaka mmoja na zaidi kidogo. Munganga alijua, akanyamaza. Wasomaji wake wa Uingereza walikuwa wamesikia mara nyingi juu ya vichwa vya watu vilivyotungikwa juu ya miti katika boma la Msiri, na sababu hiyo ilitolewa ili kila mtu afahamu kwa nini Msiri alistahili kuondolewa. Angewezaje kuandika ya kuwa Wakristu waliofika kuondoa desturi ile waliifanya wao wenyewe siku ya kwanza? Ukitaka kujua kosa kubwa la mashahidi wenye elimu, ndilo hili. Mjinga anaongeza, mwenye elimu anapunguza.

Bayeke nao wana ushuhuda wao. Mukanda Bantu, mtoto wa Msiri aliyerithi kiti chake hata kufa mwaka 1910, aliacha masimulizi, na Mwami Antoine Mwenda Munongo aliyatia katika kitabu cha historia ya Bayeke kilichotoka Lubumbashi mwaka 1967. Na nje ya kitabu, watu wanasimulia habari ya kichwa: wazungu walikichukua, wakakitia katika bati la petroli, na kila aliyekibeba akafa, hata Stairs mwenyewe. Wengine wanasema kimezikwa chini ya chungu ya mawe, upande wa Zambia.

Mwanafunzi wa seminari anasoma hayo, anacheka, anasema: ushirikina. Asicheke upesi. Stairs kweli alikufa kwa homa kule Chinde, karibu na mdomo wa Zambezi, katika mwezi wa sita 1892, mbele ya kurudi kwake. Bodson alikufa siku ile ile. Na juu ya kichwa kilichokatwa, masimulizi ya Bayeke yalishika kweli ambayo munganga wa Uingereza aliificha. Walipokosa ni pahali pengine: Moloney, Bonchamps na Robinson walirudi kwao wazima. Kumbukumbu ya watu iliwachukua wale waliokufa, ikawaacha wale waliopona, kwa sababu waliokufa ndio walioonyesha ya kuwa damu ya Mwami si maji. Ni mzani wa haki, na haki ile ilitaka wafe wote.

Basi tuna mashahidi wa namna tatu juu ya siku moja: mmoja anayesema kama ameona naye amesikia, mmoja anayenyamaza, na kabila zima linalokumbuka vizuri lile lililotendeka na kukosa hesabu ya walioadhibiwa. Hakuna hata mmoja ambaye naweza kumwita mwongo. Wala hakuna hata mmoja ambaye naweza kumwamini peke yake.

Labda mtu atasema: zamani ile watu walikuwa wachache na maandishi machache. Tuje basi mjini kwetu, miaka hamsini nyuma ya pale. Katika mwezi wa kumi na mbili 1941, wakati wa vita, wafanyakazi weusi wa Union Minière waliacha kazi kwa sababu mshahara ulikuwa mdogo na vitu vilipanda bei. Tarehe 9, hapa Elisabethville, walikusanyika katika uwanja wa mpira wa kambi. Askari walipiga bunduki. Mbele ya watu mamia na mamia, mchana, ndani ya mji wenye ofisi na polisi na hospitali.

Wamekufa wangapi? Hesabu ya serikali ilitaja wafu 48 na waliojeruhiwa 74. Wanahistoria wengine wanapandisha wafu hata 70 hivi. Ukikaa na wazee wa Kambi utasikia mia na zaidi, mamia. Juu ya Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa ajili ya wenzake akafa pale, wengi wanasimulia ya kuwa Gavana Maron alimpiga risasi kwa mkono wake mwenyewe. Serikali ilikuwa na sababu ya kuhesabu kidogo. Na aliyelala chini ya miili ya wenzake, anasikia mlio na kilio, hawezi kuhesabu. Hofu inahesabu kwa niaba yake. Juu ya mkono wa Maron, naona ya kuwa wasimuliaji wanasema neno juu ya madaraka zaidi kuliko juu ya bunduki. Askari aliyefyatua hana jina. Gavana ana jina, naye alikuwa mkubwa wa provinsi nzima. Watu wanaweka silaha mkononi mwa yule ambaye, katika hukumu yao, ndiye mwenye deni.

Kuna jambo lingine la Lubumbashi ambalo lingemfurahisha kila mwalimu wa historia. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora kifo kile cha uwanjani katika miaka ya 1970, pamoja na picha nyingine zaidi ya mia juu ya historia ya inchi, na mwalimu Johannes Fabian akaandika mazungumzo yao, kwa Kiswahili chetu hiki cha mjini. Tshibumba alizaliwa mwaka 1947. Hakuona kitu, alisikia, akachora. Sasa mtoto aliyeona picha kama zile ukutani nyumbani kwao, akiwa mzee atasimulia uwanja ule kana kwamba alisimama golini. Hatadanganya. Atakuwa ameona, maana picha aliiona.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelipima jambo hili. Bwana Bartlett wa Cambridge, katika kitabu cha mwaka 1932, alieleza namna alivyowapa Waingereza hadithi ya watu wa asili wa Amerika, akawataka waisimulie tena na tena. Kadiri siku zilivyopita hadithi ilifanana zaidi na mambo ya Uingereza: mitumbwi ikageuka mashua, na mizimu ambayo hawakuifahamu ikatoweka. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na mwenzake, kule Marekani, waliwaonyesha wanafunzi sinema ya motokari zilizogongana. Wengine waliulizwa mbio ya motokari zilipogongana, wengine zilipopondana. Nyuma ya juma moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika 50 waliosikia neno gumu, 16 walijibu ndiyo. Katika 50 waliosikia neno jepesi, 7. Katika sinema hamkuwa na kioo chochote kilichovunjika. Neno moja la mwulizaji lilitosha kuvunja vioo.

Walimu wa dini wafikiri kidogo juu ya neno hilo. Ukifika kwa mama mzee na kumwuliza, “Mama, ulimwona padri alivyowabariki wauaji wake?”, umekwisha kumpa picha. Mama anakuheshimu, umetoka kwa askofu, naye anampenda marehemu. Atakupa baraka unayoitafuta. Kesho yake ataiona kweli.

Hapa najua ndugu mmoja ataniuliza swali lenye uzito. Ikiwa kumbukumbu ni dhaifu hivyo, Mitume je? Imani yetu inasimama juu ya watu waliosema waliona.

Ni swali jema, wala tusilikimbie. Kanisa halikulikimbia. Katika mwaka 1964 Tume ya Papa ya Biblia ilitoa mafundisho juu ya ukweli wa kihistoria wa Evanjili, na mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano wa Pili ukayapokea katika hati yake juu ya Ufunuo: Bwana alitenda na kufundisha, Mitume walihubiri wakifahamu zaidi nyuma ya Ufufuko, kisha waandikaji walichagua, walifupisha, walipanga kadiri ya mahitaji ya makanisa yao, bila kuacha kusema kweli juu ya Yezu. Kanisa, basi, halikufundisha kamwe ya kuwa Evanjili ni kalamu ya karani wa tribinali.

Angalieni kaburi tupu. Marko anataja kijana mmoja, Matayo malaika mmoja, Luka watu wawili, Yoane malaika wawili. Majina ya wanawake hayapatani kutoka kitabu hata kitabu, ila Maria Magdalena yuko katika vyote vinne. Kama Kanisa la kwanza lingetaka kutengeneza ushuhuda, lingeanza kwa kusawazisha hesabu hiyo. Ni kazi ya saa moja. Halikufanya. Na katika Matendo ya Mitume, kitabu kimoja cha mwandikaji mmoja, safari ya Paulo kwenda Damasko inasimuliwa mara tatu. Katika sura ya 9 wenzake walisikia sauti bila kuona mtu. Katika sura ya 22 waliona mwangaza lakini sauti hawakuisikia. Wafasiri wana maelezo yao juu ya neno la Kigriki la kusikia, na yana nguvu yake. Lakini mimi naona ya kuwa Luka hakusumbuka. Katika sura zote tatu Paulo anaanguka, na jina analolisikia ni moja.

Paulo mwenyewe, akiwaandikia Wakorinti karibu na mwaka wa 55, alitenga vizuri kuliko wengi wetu. Anasema kwanza lile alilolipokea kwa wengine. Anawataja walioona kwa majina, Kefa na Yakobo. Anasema ya kuwa wengi katika wale mia tano bado ni wazima, maana yake: nendeni mkawaulize. Na mwisho anasema lile alilopata yeye mwenyewe. Hachanganyi. Ndiyo namna ya mtu aliyesoma sheria.

Desturi ya Kanisa katika kuchunguza watakatifu inafuata njia ile ile. Inamtenga shahidi aliyeona, na aliyesikia kwa walioona, na aliyesikia tu watu wakisema. Kila mmoja anaulizwa peke yake, chini ya kiapo, na anaulizwa alijuaje. Si kwa sababu Kanisa linawadhania waamini kuwa waongo. Linawajua kuwa ni watu.

Kwetu Kongo tunao mfano mkubwa: Mwenye Heri Anuarite, sista wa Jamaa Takatifu wa Bafwabaka, aliyeuawa Isiro usiku wa kuamkia tarehe 1 ya mwezi wa kumi na mbili 1964. Uchunguzi ulifunguliwa mwaka 1978, nyuma ya miaka kumi na minne, na Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri Kinshasa tarehe 15 ya mwezi wa nane 1985. Waliotoa ushuhuda mkubwa ni masista wenzake waliokamatwa pamoja naye. Ilikuwa usiku, kulikuwa na pombe na bunduki na mapigo. Sista Bokuma Jean-Baptiste alivunjwa mkono akazimia. Nani katika hali ile anaweza kushika mfuatano wa kila pigo na kila neno?

Masista walisema ya kuwa Anuarite alimwambia Kanali Olombe anamsamehe, kwa kuwa hajui anachofanya. Mtu mwenye kuchunguza ataona mara moja ya kuwa maneno hayo ni mwangwi wa maneno ya Bwana msalabani. Atauliza: aliyasema yeye, ao upendo wa masista uliyaweka mdomoni mwake, kama vile Moloney alivyompangia Bodson hotuba yake? Haifai kumkemea mwenye kuuliza hivyo. Lakini jibu halifanani na lile la Bunkeya. Moloney yuko peke yake pale kitandani. Huku walikuwa wengi katika nyumba moja. Tena, maneno ya Bodson yanafanana na gazeti la wakati ule, na hakuna mtu anayesali gazeti. Bali sista anayefuata Njia ya Msalaba kila Kwaresima amekwisha kuyabeba maneno yale kinywani miaka mingi. Siku ya hofu, mdomo unatoa ulichozoea. Kwangu mimi, kufanana na Evanjili, ambako kwa mtu mwingine kungeleta mashaka, kwa mtawa kunaleta nguvu. Mwingine anaweza kuhukumu tofauti. Lakini neno la Papa, aliyemsamehe mwuaji kwa jina la Kanisa siku ile ya Kinshasa, lilisimama juu ya ushuhuda huu.

Tena kulikuwa na kitu kisichotegemea kumbukumbu. Miezi kadha nyuma ya kifo, mwaka 1965, walipofukua kaburi ambamo waliouawa walitupwa pamoja, masista waliutambua mwili wake kwa sanamu ndogo aliyozoea kuiweka mfukoni mwa nguo yake. Sanamu haina masimulizi, haiongezi wala haipunguzi. Katekista anayekusanya habari asiache kuuliza juu ya vitu: barua, rozari, daftari la ubatizo, picha yenye tarehe nyuma, msalaba wa kaburi.

Na aandike upesi. Mji wetu wajua thamani ya neno lililoandikwa usiku ule ule. Patrice Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 1961, si mbali na Elisabethville. Tarehe 13 ya mwezi wa pili waziri Godefroid Munongo, mtu wa ukoo ule ule wa Msiri, alitangaza mbele ya waandishi wa magazeti ya kuwa walitoroka na wanavijiji wakawaua. Watu walioona walikuwapo, weusi na weupe, nao walinyamaza ao walipindisha miaka mingi. Lakini polisi mmoja Mbelgiji, Frans Verscheure, alikuwa ameandika saa katika daftari yake ndogo: saa tatu na dakika 43 za usiku, herufi moja ya jina, na neno la kusema amekufa. Maneno hayo machache, ambayo hayakuandikwa kwa ajili ya msomaji yeyote, yalikuwa na uzito mbele ya tume ya bunge la Ubelgiji, iliyomaliza kazi yake mwaka 2001, kuliko hotuba nzima za wakubwa.

Kwa hiyo, katika daftari la mwulizaji, mambo machache yaandikwe kila mara: tarehe ya mazungumzo, mzee alisimama wapi siku ile, na kama palikuwa usiku, lile aliloliona, katika ukurasa wake, lile aliloambiwa, na nani alimwambia, katika ukurasa mwingine. Maneno yake yaandikwe kwa lugha aliyoyasema, hata kama ni Kibemba ao Kiluba na daftari ni la Kifaransa. Asiulizwe mbele ya jamaa yote, kwa sababu mjomba atamsahihisha. Akisema “sikumbuki”, iandikwe vilevile. Ni jibu, tena ni jibu la mtu wa kweli. Na mwulizaji asiwapatanishe mashahidi wake. Wakiachana, awaache waachane. Yuko mwingine kule jimboni mwenye kazi ya kupima.

Neno moja tu kwa wale ambao, nyuma ya kusoma haya, wataweka matumaini yao yote katika karatasi. Yule mwenye heri wetu wa Isiro, wazazi wake walimwita Nengapeta. Siku ya kuandikishwa shuleni alifika pamoja na dada yake mkubwa, na sista mmisionari aliyeshika kalamu akaandika jina la mkubwa juu ya mdogo. Shule ikamwita hivyo, utawa ukampokea na jina lile, na ndilo tunaloliomba leo katika litania. Anuarite alikuwa dada yake.